Miaka yenye miguu: maneno kwa mnaoanza kustaafu

Siku yangu ya mwisho kazini nilitakiwa kurudisha funguo zote, nikazimwaga mezani kwa yule kijana wa stoo, zilikuwa 11, akawa ananiuliza moja moja na kuandika kwenye fomu, karakana, kabati la vipuri, chumba cha jenereta, tukaenda vizuri tu mpaka mbili za mwisho nikashindwa kumwambia ni za wapi. Nimetembea nazo mfukoni miaka 34 na sijui zinafungua nini. Akaandika "hazijulikani", nikasaini, akasaini, ikaisha. Nilivyotoka getini suruali ilikuwa nyepesi upande mmoja, na huo wepesi nimeusikia karibu mwaka mzima, kila nikitoka nyumbani mkono unaenda wenyewe mfukoni kutafuta mzigo ambao haupo.

Saivi ni mwaka wa saba. Mi nilikuwa fundi mitambo, sio daktari wala mtu wa mambo ya fedha, kwaiyo haya nayoandika mengi nimeyapata kwa kuchelewa na mengine kwa kukosea kabisa. Nawaandikia nyie mnaoingia sasa au mliobakiza mwaka mmoja miwili, manake mi niliingia kichwakichwa, nilidhani kustaafu ni likizo ndefu.

Sio likizo. Likizo ina raha yake kwa sababu ina mwisho, unajua jumatatu fulani unarudi, ndo maana kulala mpaka saa tatu ni kutamu. Ukiondoa hiyo jumatatu usingizi wa saa tatu unakuwa usingizi tu. Nilipiga hesabu siku moja, saa 40 kwa wiki mara wiki 48 ni saa 1,920 kwa mwaka, hapo hujaweka za njiani kwenda na kurudi, na zote hizo unarudishiwa kwa mkupuo siku moja. Hakuna aliyekufundisha kuzitumia. Kazi ilikuwa inakuamulia saa ya kuamka, nguo ya kuvaa, watu wa kuongea nao, hata cha kulalamikia ilikuwa inakupa bure.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nacheka tu. Nilitengeneza kila kilichokuwa kinalia pale nyumbani, mlango, bomba, feni, hata vitu ambavyo havikuwa na shida nilivifungua. Kisha vikaisha. Afu kuna wiki moja simu haikulia kabisa, mpaka nikamwambia mama watoto hebu nipigie nione kama ni nzima. Ilikuwa nzima. Siku nilipokuwa kazini simu ilikuwa inalia mpaka naichukia, saa nane usiku mashine imezima njoo, na mi nilikuwa najiambia watu hawa bila mimi hawawezi. Kumbe waliweza. Wiki ile ile nilipoondoka mashine iliendelea kuzunguka kama kawaida, na mtu asikudanganye, hiyo inauma kuliko kupungua kwa hela.

Nilirudi kazini kuwasalimia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa furaha, vicheko, mzee umependeza, mzee umenenepa. Mara ya pili mlinzi mpya hanijui, akanipa kitabu cha wageni nijaze, jina, unatoka wapi, umekuja kumuona nani, na pale kwenye "umekuja kumuona nani" nikakwama na kalamu mkononi. Watu walikuwa na kazi zao, wananiongelesha huku macho yako kwenye saa. Sikurudi tena. Ushauri wangu hapa ni mfupi, nenda mara moja, hiyo ya pili usiende, ukiwahitaji watu wale onaneni nje.

Na nyumbani nako uende kwa adabu. Hii sijaona mtu akiisema wazi. Mwenzangu alikuwa na utaratibu wake wa mchana miaka yote hiyo, anajua saa ya kukaa kimya na saa ya kupigiwa na dada zake, mi nikaingia katikati nikaanza kupanga upya makabati ya jikoni, nabandika lebo kama stoo ya vipuri. Alininyamazia wiki mbili. Siku ya kumi na tano akaniambia, baba watoto, ofisi yako imefungwa, usiihamishie hapa. Nilikasirika mpaka jioni. Baadaye nikabandua lebo zote isipokuwa moja ya chumvi, hiyo aliikubali.

Kwenye hela sitakaa sana, wapo wanaojua kuliko mimi, ila mawili niyaseme. Kiinua mgongo kikiingia usikifanyie chochote kikubwa kwa miezi sita, hata wazo liwe zuri vipi, manake kipindi hicho akili yako inatafuta kazi ya kufanya na itajishikiza popote. Mi nilishikizwa na mtu ninayefahamiana naye, biashara ambayo sijawahi kuifanya hata siku moja maishani, nikaingiza sehemu ya hela yangu na sikuiona tena, na nikikaa nikiangalia kosa halikuwa la yule bwana peke yake, mi nilikuwa nataka kuitwa mkurugenzi. La pili ni mfumuko wa bei. Chukua 72 gawanya kwa asilimia ambayo bei zinapanda kwa mwaka, jibu ni miaka ambayo bei zitakuwa zimejizidisha mara mbili, takriban. Zikipanda 6 kwa mwaka ni miaka 12. Yaani ukistaafu na 60, ukifika 72 hela ile ile inanunua nusu, na uzee wenyewe ndo kwanza umekolea. Kama pensheni yako haipandi na bei basi ujue hiyo hesabu inakuhusu.

Sasa nije kwenye kitu hasa kilichonifanya niandike.

Kulikuwa na mwenzangu, tulianza kazi mwaka mmoja, tukastaafu tumepishana miezi minne. Huyu alikuwa mtu wa baadaye. Baadaye nitakwenda kuiona ile bahari upande wa pili, baadaye nitampeleka mke wangu alikozaliwa, nikistaafu nitapanda ule mlima. Alikuwa na picha ya mlima imebandikwa ndani ya mlango wa loka yake, imefifia mpaka theluji imekuwa ya njano. Alipostaafu akasema ngoja kwanza nipumzike mwaka mmoja nijipange. Mwezi wa nane goti likaanza, wakasema ni usagaji wa mfupa, likafuata la pili, na kufika mwaka wa pili alikuwa anapanda ngazi kwa kuweka miguu yote miwili kwenye kila kidato. Hakufa wakati huo, nasema hivi kwa sababu tukisikia hadithi za hivi tunategemea mtu afe. Aliishi miaka mingine minne, mzima wa akili, anakula, anacheka, ila mlima ulikuwa umeshakwenda. Nilikaa naye siku moja akaniambia, unajua mi niliogopa kufa kabla sijastaafu, sikujua kuna kubaki hai halafu vitu vinakufa kimoja kimoja.

Hiyo sentensi sijaisahau.

Tunahesabu miaka kama vile yote ni sawa. Tunasema nimebakiza kama ishirini hivi. Lakini shirika la afya duniani lina hesabu mbili, moja ni miaka mtu anayotarajiwa kuishi tangu kuzaliwa, kwa mwaka 2019 wastani wa dunia ulikuwa kama 73, na nyingine ni miaka anayotarajiwa kuishi akiwa na afya yake, hiyo ilikuwa kama 63 na kitu. Tofauti ni karibu miaka kumi. (Na usishtuke na hiyo 73 ukadhani una 13 tu, ule wastani umechanganya na waliokufa wachanga, mtu aliyekwisha fika 60 kwa wastani wa dunia ana kama 20 mbele.) Ninachotaka uone ni hilo pengo. Mbele yako hakuna miaka ishirini inayofanana. Kuna miaka yenye miguu, halafu kuna miaka yenye mikono na macho, halafu kuna miaka ya kiti, na wengi tunapanga kinyume, tunaanza na kiti.

Mi nilikuwa mmoja wao. Nilichukua karatasi nikaandika kila kitu ambacho niliwahi kusema "nikistaafu nita...", vikawa 23, mke wangu akanikumbusha viwili nilivyokuwa nimevisahau kwa makusudi. Afu mbele ya kila kimoja nikaandika kinahitaji nini. Kutembea siku nne kwa miguu kufika kule tulipokulia na kaka yangu, miguu. Kujifunza useremala, mikono na macho. Kusoma vitabu nilivyonunua vikakaa, macho. Kuandika haya, kiti. Na nikagundua nilikuwa nimeshapanga mwaka wa kwanza wote kusoma! Kitabu kitanisubiri nikiwa na 80, na macho yakigoma kuna mtu ataweza kunisomea, lakini hakuna mtu atakayenitembelea ile njia kwa niaba. Nikabadilisha. Ile safari ya siku nne nimeifanya nikiwa na 62, nilirudi na kucha mbili za vidole vya mguu zimekufa, na nisingeibadilisha kwa chochote. Saivi nina 67, siku nne siziwezi, mbili labda.

Kwaiyo fanya hiyo karatasi, tena fanya kabla hujastaafu. Na ukishaifanya utakuta kuna vitu havikuhitaji kustaafu kabisa, ulikuwa unavisogeza tu.

Hapo kwenye miguu niongee kidogo kuhusu mwili, manake ufundi wangu ulinidanganya. Miaka yote nimefanya kazi na vitu vinavyochakaa kwa kutumika. Beringi ukiiweka kwenye rafu na grisi yake, ndani ya boksi, ukirudi baada ya miaka mitano ni mpya, inayozunguka ndo inakwisha. Nikaupigia mwili hesabu hiyo hiyo, nimetumika sana sasa nijitunze, nikae. Kumbe mwili ni kinyume, msuli unaowekwa kwenye rafu ndo unaokwisha. Misuli inaanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, ukivuka 60 kasi inaongezeka, na ukilala kitandani wiki mbili kwa ugonjwa unapoteza kitu ambacho kukirudisha ni kazi ya miezi. Nilijua hili siku nilipokaa kwenye kiti cha chini, nikitaka kuinuka nikaona mikono imeshashika magoti bila kuiambia. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, kunja mikono kifuani uinuke. Ukiona unajirusha mbele kupata kasi, hiyo ni taarifa.

Wataalamu wa shirika hilo hilo la afya wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, halafu mazoezi ya kutia nguvu misuli siku mbili au zaidi, na sisi wazee wanaongeza mazoezi ya kusimama bila kuyumba siku tatu ili tusianguke. Watu wengi wanashika hiyo ya kutembea wanaacha hizo nyingine. Mi nasimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, mke wangu anacheka lakini siku hizi namuona naye anasimama. Kuanguka sio jambo la kuchekesha, duniani kote wanaokufa kwa kuanguka wengi wao ni watu waliovuka 60, na wala sio kwenye paa, ni bafuni kwenye maji, ni kwenye zulia lililokunjika, ni usiku gizani unaenda haja ndogo. Taa ndogo ya ukutani, kishikio bafuni, viatu visivyoteleza. Vitu vya bei ndogo kabisa, na tunaona aibu kuviweka kwa sababu vinasema nyumba hii ina mzee.

Presha nayo haisemi. Unaweza kuwa na 160 ile namba ya juu, ambayo ni presha kubwa, huku unapiga soga. Mi niligundulika kwa bahati tu, nimemsindikiza mtu, nesi akasema mzee na wewe leta mkono. Nimemeza dawa tangu hapo na sijisikii tofauti yoyote, na hilo ndo tatizo lenyewe, mtu anaacha kwa sababu hajisikii kitu. Kingine, kiu inapungua ukizeeka, mwili unahitaji maji na haukuambii, kwaiyo usisubiri kiu. Na majina. Utaanza kusahau majina ya watu unaowajua vizuri kabisa, utamuona mtu unajua hadi jina la mbwa wake lakini lake limegoma, litakuja saa sita usiku umelala. Mara nyingi huo ni uzee wa kawaida tu, kuvuta jina kunakuwa kuzito lakini maneno unayoyajua yanaendelea kuongezeka mpaka umri mkubwa. Kusahau umeweka wapi miwani ni hivyo hivyo. Ukishika miwani ukawa hujui ni ya nini, hapo mwambie daktari.

Niseme jambo la pembeni. Huo umri wa kustaafu tunaouchukulia kama mwili wenyewe umesema basi, ulitoka kwenye sheria. Ujerumani ya kansela Bismarck, mkuu wa serikali yao enzi hizo, ndo iliweka pensheni ya uzee kwa sheria mwaka 1889, umri ulikuwa 70, ukashushwa kuwa 65 mwaka 1916, na nchi nyingi zikaja kuweka namba zinazofanana na hiyo, na saivi zinazipandisha. Ni namba ya bajeti. Siku uliyotimiza haikukufanya chochote, jana yake na kesho yake mwili ni ule ule. Mi nilijiona mzee kwa sababu ya barua.

Haya, kifo.

Najua wengine mtaruka hapa, hata mimi ningeruka. Mwaka wangu wa tatu kaka yangu mkubwa alifariki, ghafla, moyo. Huzuni yake sitaieleza, kila mtu ana yake. Nataka kueleza boksi. Alikuwa na boksi la kadibodi chini ya kitanda, la viatu vya buti, ndani kuna kila karatasi aliyowahi kupewa tangu ujana, risiti ya redio ambayo ilishakufa zamani, kadi za kliniki, barua za kazi, bima mbili moja imeshaisha muda, na fomu ya mafao ambayo kwenye nafasi ya mnufaika kaandika jina la mama yetu. Mama alikuwa ameshafariki miaka mingi kabla. Aliijaza akiwa kijana hajaoa, akaiacha hivyo hivyo, akaoa, akazaa, akazeeka. Shemeji yangu alikaa pale sakafuni ameishika ile fomu anaangalia mwandiko, sijui alikuwa anafikiria nini. Ilituchukua miezi 14 kufuatilia, ofisi moja kila tukienda tunaambiwa kuna karatasi imepungua, leo hii kesho ile. Simu yake ilikuwa na namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua, picha zote za mwisho za wajukuu zimo mle na zimebaki mle.

Niliporudi kutoka kwenye hayo nikanunua faili moja la bluu. Ndani yake kuna wosia, karatasi moja ya akaunti zote na bima na kiasi ninachodaiwa na ninachodai, hati, nakala za vitambulisho, majina ya dawa ninazomeza na vipimo vyake, na bahasha iliyofungwa yenye maneno ya siri ya simu na barua pepe. Na fomu za wanufaika nimezizungukia zote upya, nilikuta moja nimeandika mtoto mmoja tu kwa sababu wakati ule alikuwa mmoja. Wadogo zake wangesema nini? Angalieni hizo fomu jamani, hii kama utasahau yote mengine usisahau, mahali pengi kile kilichoandikwa kwenye fomu kinaweza kupita hata ulichoandika kwenye wosia. Andika pia nani aamue kama upo hospitali huwezi kuongea, na umwambie huyo mtu ana kwa ana unataka nini na hutaki nini, manake atakuwa amesimama korido anaulizwa na daktari na hana dakika tano.

Nikawaita watoto niwaonyeshe faili liko wapi. Kijana wangu mkubwa akasimama kabisa, baba unatuchuria, akatoka nje eti anapokea simu. Mdogo akabadilisha mada. Nililiweka faili mahali pake nikanyamaza. Wiki kama tatu baadaye naosha vyombo, binti yangu akaja akachukua kitambaa akawa anafuta sahani bila kusema kitu, afu akauliza, lile faili ulisema liko kabati gani? Nikamwambia. Akafuta sahani nyingine mbili. Akauliza, unaogopa? Nikamwambia kuna siku. Basi tukamaliza vyombo. Nafikiri haya mazungumzo hayataki kikao, yanataka kuwa na kitu cha kufanya mikononi.

Na kweli kuna siku, au niseme kuna usiku. Usingizi wa uzee ni mwepesi na unakatika, unaamka saa tisa, nyumba kimya, na hesabu zinaanza. Nimeona nina tabia moja ambayo sikuwa nayo, nikisikia fulani kafariki swali la kwanza ni alikuwa na miaka mingapi. Akiwa na 85 nashusha pumzi, akiwa na 66 siku inaharibika. Kama vile kuna foleni na nataka kujua imefika wapi. Kuna mwanamke wa Ufaransa, Jeanne Calment, aliishi miaka 122 akafariki 1997, nilipomsoma mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, hamsini na tano mbele! Halafu nikakumbuka yeye ni mmoja tu dunia nzima. Sina dawa ya saa tisa usiku. Kinachonisaidia ni kutopigana nayo, naamka, nakaa sebuleni na taa ndogo, na nikikuta hofu yenyewe ina jina, mfano sijamuomba msamaha fulani, au sijamaliza jambo fulani, naliandika, asubuhi nalifanya. Kwa njia hiyo nimempigia simu mtu ambaye hatujaongea miaka 11. Ile hofu isiyo na jina inabaki, lakini imekuwa ndogo kidogo, inakaa kiti cha pembeni.

Watu. Kwenye simu yangu nilikuwa na zaidi ya watu 40 wa kazini niliowaita marafiki. Wamebaki wanne. Sio kwamba wale wengine walikuwa wanafiki, hapana, tulichokuwa tunashirikiana kilikuwa kazi na kazi imeisha. Kuna utafiti wa Harvard, chuo kikuu cha Marekani, ulioanza mwaka 1938, wakafuatilia wanaume maisha yao yote, wanafunzi wa chuo na vijana wa mitaa maskini ya Boston, na ukaendelea mpaka kwa watoto wao. Moja ya waliyoyaona ni kwamba ukitaka kujua nani mwenye miaka 50 atakuwa na afya njema akifika 80, uhusiano wake na watu ulikuwa unaeleza zaidi kuliko hata kipimo chake cha kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu. Mi nilisoma hiyo nikiwa nimeshavuka 50, asanteni sana. Lakini nikafanya moja, nikajitafutia marafiki walio chini yangu kwa umri, kwa sababu wa rika langu tunapukutika, na mtu aliyebaki na marafiki wa rika lake tu mwisho anabaki na namba za simu za marehemu. Karakana ya useremala ninakojifunza mwalimu wangu ana miaka 29. Ananiita mzee, ananigombeza kuhusu randa, na siku nisipokwenda anapiga simu kuuliza. Sijui kama anajua anachonifanyia.

Na huyo wa stoo naye alinipigia. Mwaka jana, namba sijaisevu, nikapokea, shikamoo mzee, ni mimi uliyenikabidhi funguo. Akasema wamevunja ukuta fulani kupanua stoo wakakuta kikabati cha chuma nyuma ya rafu, wakajaribu zile mbili, moja imefungua. Nikauliza kulikuwa na nini. Makopo ya grisi yaliyokauka na glavu moja ya kushoto. Tukacheka. Kisha akasema mzee samahani kwa kuwa nimekupata, ile mashine namba tatu inapiga kelele hebu sikiliza, akaisogezea simu. Nilifumba macho nikasikiliza, moyo unanidunda kama nimeitwa usiku, nikamwambia bila wasiwasi wowote hiyo ni beringi ya upande wa mota, ibadilisheni. Akashukuru sana.

Jioni akatuma meseji. Haikuwa beringi, ilikuwa boliti ya kava imelegea. Nilimsomea mke wangu akacheka mpaka machozi, nami nikavaa viatu, ilikuwa bado dakika 40 za kutembea na giza lilikuwa linaingia.